Nitafutie Kosa

Nilipofika Garissa, Hodhan alikuwa ameshazikwa. Kwao maiti hangoji mtu, na kwetu Lamu pia hangoji, kwa hiyo sikumlaumu yeyote. Nilivua viatu mlangoni, nikapeana mikono na wanawake waliojipanga ukutani, nikaketi mkekani. Chai ikaja, ya maziwa ya ngamia, yenye ule moshi wa kibuyu kilichofukizwa ambao mwaka wangu wa kwanza hapa nilikuwa nikiuzibia pua na siku hizi nikiwa nyumbani nautamani. Baada ya dua mpwa wa Hodhan alisimama kizingitini, simu mkononi, akaanza kutusomea salamu za rambirambi kutoka kwa watu ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona Hodhan kwa macho. Huyu yuko Ureno, yule yuko Korea, mwingine yuko mji ambao mpwa mwenyewe alishindwa kuutamka akauruka. Alisoma Kizungu kidogo, akafasiri kwa Kisomali, kisha akinitazama mimi akarudia kwa Kiswahili. Mmoja alisema alijifunza kazi kwa kusoma alichoandika Hodhan. Mwingine alisema maktaba ile haitakuwa na mlinzi kama yule tena. Shangazi mmoja mzee akaninong'oneza, hiyo maktaba iko bulla gani, mtaa upi, mbona hapa mjini hawajawahi kuiona. Nikamwambia haina mlango. Akanitazama kama mtu aliyekosewa adabu. Na mimi, kikombe mkononi, wenzangu wote wanafuta machozi kwa ncha za mitandio, nikaona wivu.

Nalisema wazi kwa sababu umri wangu huu si wa kumwogopa mtu. Nilimwonea wivu marehemu, ndani ya nyumba yake, nikinywa chai yake. Wivu ulinipanda palepale ulipozoea kunipanda, nikairudisha tende sahanini. Wala sijaja kutubu. Hodhan mwenyewe angekuwapo angenitazama usoni, akaujua, akacheka na kunisogezea sahani. Alikuwa akiujua wivu wangu kuliko mume wangu anavyojua kama nimenuna. Ulianza mwaka mmoja tu, na nikiueleza mwaka huo nitakuwa nimeeleza maisha yetu yote, kwa sababu yaliyofuata yalikuwa ni kurudia yaleyale.

Mwaka wenyewe ni ule wa baada ya mvua ya El Niño, miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Barabara zilikuwa zimeliwa na maji, mifugo imekufa kwa magonjwa yaliyokuja na maji hayo, na shirika letu la misaada lilikuwa likipeleka chakula kwa malori hadi Kutulo na Rhamu, huko juu mpakani. Chumba chetu cha redio kilikuwa nyuma ya ghala, mabati juu, saruji chini, na dirisha moja lililotazama mgunga uliojaa korongo wenye vipara, waliokaa juu kutwa nzima kama wazee wanaongoja kikao kifunguliwe. Ndani mlikuwa na redio ya masafa marefu, betri mbili za lori, kompyuta kuukuu niliyoifunika kanga kuikinga na vumbi, na feni iliyokuwa ikizunguka pale inapojisikia. Saa sita mchana mtu aliweza kusikia misumari ya mabati ikilia kwa joto. Mimi nilikipenda chumba kile. Kilikuwa changu, nimekipanga mwenyewe, na hakuna aliyejua waya upi unakwenda wapi isipokuwa mimi.

Zamani tulikuwa tukisema kila kitu kwa sauti. Tunamwita Adan, mtu wetu wa Rhamu, tunamwambia malori yanatoka Jumanne, yanapita njia fulani, yatalala mahali fulani. Kila mwenye redio baina ya Tana na mto Daua alikuwa akisikia, na majambazi nao walikuwa na redio. Dereva wetu Hussein alipigwa risasi ya bega njiani kwenda Kutulo, akapona. Utingo wake hakupona. Baada ya hapo ndipo nikasema ujumbe ufungwe kwanza kwa kompyuta, ugeuzwe kuwa herufi zisizo na maana, upelekwe hivyo, na afungue yule tu mwenye ufunguo. Rafiki yangu mmoja wa chuo kikuu Nairobi alinipa diski zenye maktaba ya kufanyia kazi hiyo. Maktaba, kwa lugha ya watu wa kompyuta, si chumba cha vitabu. Ni maagizo yaliyokwisha kuandikwa na mtu, ambayo mwingine akitengeneza programu yake anayaazima badala ya kuanza mwanzo. Hiyo ya kwetu ilikuwa huria, yaani kila mtu aliruhusiwa kuichukua, kuisoma mstari kwa mstari, na akiona kosa aandike marekebisho, tukiyaita kiraka, ampelekee mtunzaji mkuu. Mtunzaji mkuu alikuwa mtu wa nchi za baridi huko Ulaya. Hatukujua sura yake. Ofisini tulimwita Mzee wa Theluji.

Nilimpelekea Mzee wa Theluji viraka vingi. Maktaba yake ilikuwa imeandikiwa mashine mpya, na zetu zilikuwa za kuokota, kwa hiyo makosa yalijitokeza kwangu kabla ya kwa mtu yeyote. Nilikuwa nakaa na kosa kama mtu anayetoa mwiba, bila haraka, hadi lichomoze. Kisha naandika barua ya adabu, inakwenda kwa redio hadi Nairobi, Nairobi wanaipeleka mbele, na baada ya siku kadhaa linarudi jibu la mstari mmoja. Asante, nimeielewa shida, nimeandika upya kwa njia yangu. Jina langu halikutajwa popote. Sikununa sana, nilijiambia haba na haba hujaza kibaba. Halafu katikati ya mwaka akatangaza kwamba anatafuta mtu wa kumkabidhi sehemu nzima ya maktaba inayohusu mashine kuukuu. Mtu huyo ataitwa mtunzaji wa sehemu hiyo, atakuwa na ruhusa ya kuibadilisha bila kuomba, na jina lake litaandikwa juu. Niliposoma tangazo lile nilisimama, nikaenda mlangoni, nikarudi nikaketi. Nani duniani alikuwa na mashine kuukuu kunishinda mimi? Nilikuwa na hakika lile jina juu ni langu, nikaanza hata kujizoeza namna ya kulipokea bila kuonyesha furaha.

Hodhan alikuwa amekwisha kuja wakati huo. Mzaliwa wa Rhamu, amesoma hesabu chuo kikuu, na meneja wetu, Bwana Mutiso, Mkamba wa watu mwenye kupenda amani, alimleta chumbani kwangu akasema sasa tutakuwa wawili. Mgeni njoo, mwenyeji apone, nilisema kwa mdomo. Hodhan akaketi juu ya meza. Si kwenye kiti, juu ya meza, karibu na kompyuta, akaniita abaayo, yaani dada, kabla hata sijamwambia jina langu. Kabla ya adhuhuri alikuwa amemaliza mahamri niliyojipikia, akaniambia yana sukari nyingi. Kesho yake akaleta nyirinyiri, ile nyama iliyokatwa vipande vidogo ikakaangwa na kuhifadhiwa kwenye samli, na anjera za moto, mikate yao myembamba, akanilisha kama mtoto. Watu walimpenda. Madereva waliokuwa wakipita mlangoni kwangu kimya miezi yote sasa walikuwa wanaingia, wanaegemea ukuta, wanacheka. Mimi nilikuwa nimedhani watu wa huku ni wapole wa asili.

Nilimfundisha mimi. Hilo naomba likumbukwe. Kila alichojua kuhusu maktaba ile alikijua kwangu, nikimwandikia maagizo kwa chaki sakafuni kwa sababu karatasi zilikuwa haba, na yeye akiyafuta kwa kisigino akishaelewa. Alikuwa anaelewa upesi mno. Kitu nilichokipata kwa wiki nzima ya kuumwa kichwa alikuwa anakipokea baina ya kikombe cha kwanza cha chai na cha pili, halafu ananiuliza swali ambalo mimi sikuwa nimelifikiria. Mwalimu anatakiwa afurahi, ndivyo tunavyoambiwa. Mimi nilikuwa nikirudi nyumbani, nakata vitunguu, navikata kwa nguvu zisizohitajika.

Zilikuwako siku ambazo upepo wa vumbi uliharibu mawimbi na kompyuta zikashindwa kuzungumza. Hapo tulirudi kwenye sauti. Adan wa Rhamu alikuwa anasoma ule ujumbe uliofungwa herufi kwa herufi, mafungu ya herufi tano tano, na mmoja wetu Garissa anaandika. Ni kazi ya kuua moyo, maana husomi neno, unasoma takataka. Lakini Hodhan aliifanya akiimba chinichini. Kwao mtu akisikia gabay, yale mashairi yao marefu ambayo kila mstari hurudia herufi ileile moja, akilisikia jioni moja tu huweza kuondoka nalo kichwani hadi kwa watu wengine. Yeye alikuwa amelelewa kwenye nyumba ya namna hiyo. Mafungu ya Adan alikuwa anayapokea kama anasikiliza mshairi mbaya, akitabasamu herufi zikigongana vizuri. Nilimwona anapoteza wakati.

Asubuhi moja Adan alianza kusoma, akasoma fungu la kwanza na la pili, na kabla hajafika la tatu Hodhan aliweka kalamu chini, akashika kipaza sauti, akalisoma yeye. Akasoma na la nne, na la tano. Kisha tukamsikia Adan akiuliza kwa woga kama tuna nakala yake. Hatukuwa nayo. Hodhan alinigeukia akasema mwanzo huu aliusikia wiki iliyopita, siku ya vumbi kama hii, ujumbe mwingine kabisa. Nilimwambia haiwezekani. Nilimweleza kwa sauti ya mwalimu kwamba mwanzo wa kila ujumbe umebeba ufunguo wa ujumbe huo, nao wenyewe umefungwa, na ufunguo huchaguliwa na mashine kwa kubahatisha, na bahati hiyo haijirudii hata tukae hapa hadi kiama. Hodhan akasema sawa, akaifuta chaki iliyokuwa mguuni pake, akanisomea tena yote kwa kichwa. Nikatafuta karatasi ya wiki iliyopita kwenye kapu. Ilikuwa ileile, herufi kwa herufi.

Mashine ya Rhamu ilikuwa ikirudia funguo. Mtu mwenye subira na redio nzuri angeweza kutufungua, na Hussein alikuwa aende njia ileile mwisho wa juma. Bwana Mutiso akayazuia malori. Mimi niliingia ndani ya maktaba nikatafuta, nikaona kwamba kwenye mashine kuukuu, ikikosa chanzo kingine cha kubahatisha, huanzia kwenye saa, yaani tarehe na saa ya wakati ule. Basi, nikasema, saa haijirudii, kwa hiyo kosa haliko hapo, nikaendelea mbele. Nilipita juu yake. Hodhan aliyekuwa akinitazama begani hakupita. Alimwita Adan akamuuliza swali ambalo hata jambazi akilisikia halimfai kitu.

"Adan, hiyo mashine ikiwaka asubuhi inasema leo ni tarehe ngapi?"

"Januari moja," Adan akajibu. "Kila siku inasema Januari moja, mwaka ya themanini."

"Na hukutuambia?"

"Niwaambie nini? Kibande yangu inasema Januari moja. Ya bibi yangu Januari moja, ya chifu Januari moja. Nilifikiri mashine pia imeandikishwa hapa."

Hodhan alicheka hadi akateremka mezani. Mimi ilinichukua muda. Watu wa huku wengi walizaliwa malishoni, hakuna aliyeandika siku, na karani wa vitambulisho alipofika aliwapa wote Januari mosi akamaliza kazi yake. Kipande cha Hodhan mwenyewe, yaani kitambulisho chake, kilikuwa hivyo, akanitolea mkobani nikakiona. Betri ndogo ya saa ndani ya mashine ya Rhamu ilikuwa imekufa kwa joto. Kila asubuhi jenereta ikiguruma, mashine inaamka ikiwa haikumbuki kitu, inahesabu kwamba ndiyo kwanza imezaliwa, na kwa kuwa programu nilikuwa nimeipanga ijiwashe yenyewe, asubuhi nyingi inafika kwenye kuchagua ufunguo sekunde ileile. Saa ilikuwa inajirudia. Mimi nina cheti cha kuzaliwa chenye mhuri, nimezaliwa saa tisa alasiri, nisingeweza kulijua hilo hata ungenipa mwaka mwingine.

Kiraka alikiandika yeye, akanionyesha kikiwa kimeshaondoka. Maktaba ikiiona saa iliyozaliwa upya ikatae kutoa ufunguo, na imwombe mtu abonyeze vitufe ovyo ovyo, ipime vipindi baina ya kitufe na kitufe, ipate bahati yake humo. Ilikuwa nadhifu. Barua zote zilizoingia zilipitia kwangu, kwa hiyo jibu la Mzee wa Theluji nililisoma mimi kwanza. Halikuwa la mstari mmoja. Alisema katika miaka yake yote hajapata kuletewa kosa lililoelezwa vizuri hivi, alikuwa amecheka peke yake juu ya Januari mosi, amekipokea kiraka bila kubadili herufi, na angeona fahari kama Hodhan angekubali kuwa mtunzaji wa sehemu ya mashine kuukuu. Pele hupewa msi kucha, nilisema, nikajua palepale kuwa nasema uongo, kwa sababu kucha alikuwa nazo. Nilimpa barua yake. Alisoma akanikumbatia, mimi nikasimama kama nguzo ya simu. Nilikwenda nyumbani mchana sikula. Nilijilaza sakafuni penye ubaridi nikajiuliza kwa nini yeye. Kwa nini asiwe hata mjinga kidogo, au mbaya wa roho, nipate pa kumshika.

Kiraka kikapelekwa Rhamu kwa redio, na Bwana Mutiso akatoa mbuzi. Karamu iwe Alhamisi, akasema, na kwa kuwa shida imekwisha malori yatoke Ijumaa alfajiri. Mimi siku hizo za kungoja mbuzi nilifanya kitu kimoja tu. Nilikichukua kiraka cha Hodhan nikaanza kukitafutia kosa. Sikuwa namtafutia Hussein usalama, nisijipambe kwa uzuri nisiokuwa nao. Nilikuwa nataka kumwangusha. Nilikisoma kutoka juu kwenda chini na kutoka chini kwenda juu. Sijapata kusoma kitu kwa makini namna ile, hata barua za mume wangu enzi za uchumba sikuzisoma hivyo. Kila mstari niliuuliza, wewe unadanganya wapi? Haukudanganya hata mmoja. Kizuri hakikosi ila, nikajisemea, nikaanza upya. Mwishowe, sina tena pa kutafuta, nikaacha kutazama herufi nikafikiri juu ya mkono wa mtu. Kiraka kilikuwa kinasema, bonyeza vitufe. Nani anabonyeza? Nikamwita Adan, nikamuuliza salamu zote kwanza, nabad, nabad, watoto, mifugo, kisha nikamuuliza anabonyezaje.

"Ah, hiyo si kazi," Adan akasema. "Naweka kidole juu ya moja, nangoja ijae."

Siwezi kuieleza furaha ile. Mtu akilaza kidole juu ya kitufe kimoja, mashine huirudia herufi hiyo yenyewe, kwa mwendo mmoja usiobadilika, tu-tu-tu-tu. Vipindi vyote sawa. Bahati hakuna. Hodhan alikuwa ameifukuza Januari mosi mlangoni ikarudi dirishani, na aliyeiona ni mimi. Nilivaa kanga mpya kwenda kwenye karamu.

Walikuwa wameketi uani chini ya turubai, sinia la wali katikati, ndizi juu yake, nyama inatoa moshi. Bwana Mutiso alikuwa ameshatoa hotuba, madereva wanamtania Hodhan kwamba sasa ni chifu wa kompyuta. Hussein alikuwa kando, akila polepole, bega lake bado halinyanyuki vizuri. Nilingoja watu wanyamaze. Nikasema mbele ya wote kwamba kiraka cha Hodhan kina tundu, na nikaeleza lilivyo, taratibu, kwa sauti tamu kabisa, nikimtazama yeye. Mutiso aliweka mfupa chini. Ni Hussein aliyeuliza, akinitazama mimi na si Hodhan, kama kwa hivyo kesho wanaenda ama hawaendi. Nikasema hawaendi. Akavuta pumzi, akasema alhamdulillahi, na hapo tu ndipo nilipokumbuka kwamba ndani ya hesabu ile mlikuwa na mtu.

Hodhan alikuwa amekunja uso. Nikadhani analia, nikangoja hilo pia. Aliosha mikono, akazunguka sinia, akaja akaketi kando yangu, karibu sana, kama kawaida yake.

"Umetafuta tangu lini?" akaniuliza.

"Tangu barua yako ije."

"Umekula?"

"Sijala."

Akanivunjia nyama, akaiweka upande wangu wa sinia. "Basi abaayo, sikiliza. Hawa wote wananisifu. Hata yule mzee ya theluji ananisifu tu, hakuona hii. Kutoka leo nikiandika kitu, wewe ndio nitakupa kwanza. Wivu yako iko na macho."

Alisema mbele ya watu, bila kupunguza sauti, kama mtu anayekusifia mapishi. Madereva wakaangalia wali. Nilitaka ardhi ipasuke. Nilikuwa nimeuficha wivu ule miezi mizima, nimeuvika adabu na mahamri, na mwenzangu alikuwa akiuona tangu siku ya kwanza na hakuwahi kuuonea uchungu. Nikala ile nyama. Ilikuwa laini, na nilikuwa na njaa kweli.

Tukaliziba tundu pamoja, tukiagiza maktaba isihesabu kitufe kilichorudiwa, na idai vitufe vya kila namna. Adan alilalamika kwamba kidole chake sasa kinafanya kazi kuliko yeye. Malori yalitoka wiki iliyofuata, yakafika Kutulo, yakafika Rhamu, na Hussein akarudi na tikiti maji kutoka mashamba ya Daua, akaliweka mezani kwangu, si mezani kwa Hodhan. Nililitazama tikiti lile siku nzima kabla ya kulikata. Mzee wa Theluji aliandika majina yetu kwenye maktaba. Hodhan juu, mtunzaji. Mimi chini yake, kwa herufi ndogo, mkaguzi. Mtu mwingine angesema lilikuwa jambo zuri. Mimi nilikuwa nikilitazama lile jina la juu, nikisoma la chini, na kifua kinabana, na hadi leo nikifungua ukurasa ule kinabana.

Mwaka ukaisha, mimi nikahamishiwa pwani, yeye akabaki. Mashine kuukuu zikawa nyingine na nyingine, kwa maana kila mashine mpya huja kuwa kuukuu, na sehemu yake ya maktaba haikukosa kazi. Alishika ahadi yake. Kila kiraka alichoandika, kabla ya dunia kukiona, kilinifikia mimi kikiwa na neno moja juu. Nitafutie. Nami nilitafuta. Nilitafuta nikiwa na mimba, nikiwa na homa, na wiki ile nyumba yetu ilipopata msiba mambo yote niliyaacha isipokuwa hilo. Mara nyingi niliona kitu, nikamwandikia kwa furaha isiyo na haya. Mara chache sikuona, na hapo nilikuwa namjibu, leo umeniponyoka. Hakuna hata mara moja niliyomwambia ni kizuri. Alinidai neno hilo kwa utani miaka yote. Siku moja utalisema tu, alikuwa akiniambia kwenye simu, na mimi namjibu, siku hiyo ujue nimezeeka.

Pale matangani sikuyasema haya. Mpwa wake alipomaliza kusoma salamu za wageni alinifuata, akaketi, akaniambia kwa heshima, habaryar, mama mdogo, kuna vijana wanaosaidia maktaba hiyo sasa, na wao wananitafuta mimi. Shangazi yake aliwaachia maagizo kwamba kiraka chake cha mwisho kisiingizwe hadi mimi niseme. Nilijua. Kilinifikia kabla hajalazwa, nikakiweka nikingoja apate nafuu tugombane vizuri. Nimekifungua tangu nirudi Lamu. Juu kuna lile neno lake. Chini ni mistari michache, ya mkono wa mtu asiyeogopa, na nimeisoma kutoka juu kwenda chini na kutoka chini kwenda juu. Nimefikiri juu ya mikono yote inayoweza kuigusa, vidole vyote vivivu vya dunia hii. Haina kosa. Ni kazi ambayo ningetoa chochote iwe yangu, na nimekaa mbele yake nikiona wivu hadi machozi yale yaliyonigomea Garissa yakanitoka.

Vijana wameniandikia tena asubuhi hii, kwa adabu, wakiuliza kama wanaweza kuendelea, wanangoja neno langu moja tu. Nimewajibu wasubiri, bado natafuta.